Julai 13 katika Historia ya Muziki wa Roki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Julai ikiingia, maswali ni yaleyale. Wengine wameona video ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, akiwa amevaa singlendi nyeupe, wakataka kujua ilikuwa wapi na kwa nini. Wengine wamebishana kijiweni kama fedha za tamasha la Live Aid ziliwafikia wenye njaa. Nimeyakusanya hapa, mepesi kwanza, yenye ubishi baadaye. Ukiona jibu limekuelekeza kwenye swali jingine, ni kwa sababu sikutaka kusema jambo moja mara mbili.

## Ya kuanzia

Kwa nini Julai 13 na si siku nyingine?

Kwa sababu ya tamasha la Live Aid, lililofanyika Jumamosi, Julai 13, 1985. Roki ina tarehe nyingine nzito. Februari 3, 1959 ndege ndogo ilianguka Iowa ikawaua Buddy Holly, Ritchie Valens na J. P. Richardson. Februari 9, 1964 The Beatles walionekana kwa mara ya kwanza mubashara katika televisheni ya Marekani. Lakini hizo ni siku za tukio mojamoja. Julai 13 ni siku ambayo karibu kila jina kubwa la muziki huo lilipanda jukwaani ndani ya saa kumi na sita, dunia ikitazama.

Na kwetu sisi wa Afrika Mashariki kuna sababu ya ziada ambayo haitajwi inavyostahili: watu wawili waliobeba siku ile mabegani mwao walitoka huku. Mmoja alizaliwa Nairobi, mwingine Zanzibar.

Live Aid ilikuwa nini hasa?

Tamasha moja lenye majukwaa mawili: Uwanja wa Wembley jijini London, uliokuwa na watu wapatao 72,000, na Uwanja wa John F. Kennedy mjini Philadelphia, uliokuwa na watu karibu 90,000. Lengo lilikuwa kuchangisha fedha kwa ajili ya watu waliokuwa wakifa kwa njaa Ethiopia. Matangazo yalirushwa kwa setilaiti hadi nchi zaidi ya mia moja. Utasikia kwamba walitazama watu bilioni moja na nusu au zaidi. Hayo ni makadirio, maana hakuna aliyewahesabu.

Ilianza saa ngapi kwa saa zetu?

London ilikuwa saa sita mchana, kwa hiyo Dar, Zanzibar na Nairobi ilikuwa saa nane mchana. Queen walipanda saa kumi na mbili na dakika 41 jioni ya London. Huku kwetu ilikuwa saa mbili na dakika 41 usiku. Wembley ilifungwa ilipokaribia saa sita usiku wetu, lakini Philadelphia waliendelea mpaka huku kukaanza kupambazuka Jumapili asubuhi.

Wengi wetu hatukuiona siku hiyo. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994.

Nani waliandaa?

Bob Geldof, Mwairishi, mwimbaji wa The Boomtown Rats, pamoja na Midge Ure wa bendi ya Ultravox. Novemba 25, 1984 walikusanya wanamuziki wa Uingereza katika studio moja jijini London wakarekodi wimbo wa kuchangia Ethiopia kwa jina la Band Aid. Wimbo ukauzika kupita walivyotarajia, na hapo ndipo wazo la tamasha lilipoanza kukua. Upande wa Wembley ulisimamiwa na Harvey Goldsmith, wa Philadelphia na Bill Graham, wote wawili wazoefu wa kuandaa maonyesho makubwa.

## Kabla ya siku yenyewe

Geldof alijuaje habari za njaa ile?

Aliiona kwenye televisheni, na mpiga picha alikuwa Mohamed Amin. Jina hili ningependa kila msomaji wa Kiswahili alijue.

Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam. Alianza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini tu, alianzisha Camerapix, kampuni yake ya picha, hapohapo Dar. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta kazini, na mwaka 1966 alifungwa gerezani Zanzibar kwa sababu ya kazi yake. Baadaye alihamia Nairobi, na tangu hapo vita, mapinduzi na njaa za bara hili zikapita mbele ya kamera yake.

Oktoba 1984 alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akiwa na mwandishi wa BBC Michael Buerk. Taarifa yao ilitangazwa Oktoba 23. Alichokifanya Amin ni kuiacha kamera itembee polepole juu ya uwanda ule alfajiri: ukungu, moshi, watu wamejifunika mashuka, maelfu kwa maelfu, na sauti ya kilio. Kamera haikimbii, na mtazamaji hapewi mahali pa kupumzishia macho. Vituo vya televisheni duniani kote viliichukua. Geldof aliitazama akiwa nyumbani London, na mengine yote kwenye ukurasa huu yalifuata kutokana na jioni hiyo.

Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono wa kushoto ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa. Alitengenezewa mkono wa bandia akarudi kazini. Alifariki Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro.

Ni kweli Kiswahili kilikaribia kuingia kwenye *We Are the World*?

Ndiyo. Wimbo huo ulikuwa jibu la Wamarekani kwa Band Aid, na ulirekodiwa Hollywood usiku wa Januari 28, 1985. Katikati ya usiku Stevie Wonder alipendekeza uwekwe mstari wa Kiswahili. Mabishano yakazuka, na mwimbaji wa kantri Waylon Jennings akaondoka studio. Wazo likaachwa, na sababu mojawapo iko wazi kwa yeyote wa huku: waliokuwa na njaa walikuwa Waethiopia, na Kiswahili si lugha yao.

Binafsi simlaumu Stevie. Alitaka Afrika isikike kwa ulimi wake. Ila Afrika ina ndimi nyingi, na Korem huzungumzwa Kiamhari na Kitigrinya. Wimbo wenyewe ndio uliofunga jukwaa la Philadelphia Julai 13, ukiongozwa na Lionel Richie.

## Jukwaani

Nani walifungua?

Wembley ilifunguliwa na Status Quo kwa wimbo *Rockin' All Over the World*, mbele ya Charles na Diana. Philadelphia alifungua kijana asiyejulikana, Bernard Watson, kisha akaja Joan Baez.

Wanamuziki wote wale walipangwaje bila kuvurugana?

Kila bendi ilipewa dakika kama ishirini. Jukwaa la Wembley lilikuwa la kuzunguka: bendi moja ikipiga mbele, nyingine inafunga vyombo nyuma. Pembeni ziliwekwa taa kama za barabarani, kijani, njano na nyekundu. Njano ikiwaka unajua muda unakuishia; nyekundu ikiwaka umekwisha, uwe nani uwe nani. Hakukuwa na muda wa kutosha kupima vyombo, kwa hiyo mtu alipanda akapiga kwa sauti aliyoikuta.

Kwa nini kila mtu anawazungumzia Queen?

Kwa sababu walielewa dakika ishirini ni nini. Bendi nyingi zilikuja kupiga nyimbo mbili tatu wanazozipenda wao. Queen walikodi ukumbi wa Shaw Theatre jijini London, wakazifupisha nyimbo zao na kufanya mazoezi kwa kutazama saa, mpaka zikaenea ndani ya dakika 21.

Itazame video kwa utulivu. Freddie anaingia mbio, singlendi nyeupe, jinzi, bangili ya vifungo vya chuma juu ya kiwiko cha mkono wa kulia. Juu ya piano yake kumejaa vikombe vya karatasi vya soda. Anakaa, anagusa vibonye kidogo kama mtu anayejaribu maji kwa kidole, kisha anaingia *Bohemian Rhapsody*. Haumalizi. Inapofika pale ambapo wimbo ungegeuka opera, ananyanyuka, anachukua kipaza sauti chenye nusu ya mlingoti, na *Radio Ga Ga* inaanza. Ndipo mikono inapoinuka. Watu 72,000 wanapiga makofi mawili juu ya vichwa kwa wakati mmoja, mchana kweupe, bila taa wala moshi wa jukwaani kuwasaidia.

Kisha anawaimbisha bila chombo chochote: anatoa sauti, wanaitikia, anairefusha, wanairefusha, anaipandisha mpaka wanashindwa wenyewe na kucheka. Aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya mwambao analijua jambo hili bila kufundishwa, kiongozi na waitikiaji wake. Halafu zikafuata *Hammer to Fall*, *Crazy Little Thing Called Love*, kipande cha *We Will Rock You* na *We Are the Champions*. Mwaka 2005 kura iliyoendeshwa na Channel 4 ya Uingereza iliwapa nafasi ya kwanza kwa onyesho bora la roki la wakati wote. Sijaona la kuniambia wapigakura walikosea.

Freddie ni Mzanzibari kweli?

Alizaliwa Unguja, Septemba 5, 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, wafuasi wa dini ya Zoroasta, na baba yake, Bomi, alikuwa karani wa fedha katika serikali ya kikoloni. Alipelekwa kusoma Panchgani, India, akarudi Unguja ujanani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, nje kidogo ya London. Yeye alikuwa na miaka 17.

Kuna wanaosema hakuwahi kujitangaza kuwa wa Zanzibar, na ni kweli hakuzungumzia sana utoto wake. Lakini mahali ulipozaliwa hakufutwi na ukimya. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, Mji Mkongwe, na wageni hawakauki.

Angalia pia jinsi njia zilivyopishana: mwaka uleule wa 1964, Amin alikuwa akiyapiga picha Mapinduzi ambayo baada yake familia ya Bulsara iliondoka. Miaka 21 baadaye picha za mmoja zilijenga jukwaa ambalo mwingine alilitawala.

Na U2?

Walikuwa na dakika zilezile kama wengine, na walipanga nyimbo tatu. Wakapiga *Sunday Bloody Sunday*, kisha *Bad*. Katikati ya *Bad*, Bono aliona wasichana wakibanwa na umati mbele, akaruka chini kutoka jukwaani na kucheza na mmoja wao huku amemkumbatia. Wenzake walikuwa hawamwoni. Wakaendelea kuzungusha wimbo kwa dakika kama kumi na mbili, muda ukaisha, na *Pride*, wimbo wao mkubwa kuliko yote wakati huo, haukupigwa. Walishuka wakiamini wameharibu. Kumbe watu waliona kinyume chake kabisa, na albamu zao za zamani zikarudi kununuliwa kwa wingi.

Ni kweli Phil Collins alipiga pande zote mbili za bahari siku moja?

Ni kweli. Alipiga Wembley mchana, akapanda Concorde hadi New York, akamaliziwa safari kwa helikopta, akapanda jukwaa la Philadelphia usiku uleule. Mbali na nyimbo zake, alimpigia Eric Clapton dramu, kisha akakaa na Led Zeppelin.

Hapo Zeppelin ndipo mambo yalipoharibika. John Bonham, mpiga dramu wao, alikuwa amefariki mwaka 1980, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwa waliobaki kupiga pamoja mbele ya umma. Mazoezi hayakutosha, sauti ya Robert Plant ilikuwa imechoka, gitaa la Jimmy Page lilikuwa halijakaa sawa, na wapiga dramu walikuwa wawili, Collins na Tony Thompson. DVD ya tamasha ilipotoka mwaka 2004, Zeppelin walikataa sehemu yao iwekwe.

Mitambo ilikwama wapi?

The Who walikuwa ndio kwanza wamerudi pamoja, wakawa katikati ya *My Generation*, fyuzi ikaungua na matangazo yakakatika. Paul McCartney alikaa kwenye piano kuimba *Let It Be* na kipaza sauti chake hakikufanya kazi kwa dakika mbili hivi. Umati wa Wembley ukamwimbia.

David Bowie na Mick Jagger nao walitaka kuimba pamoja, mmoja London na mwingine Marekani. Mawimbi ya setilaiti hupanda kilomita karibu 36,000 na kushuka zilezile, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Yote inakula kama nusu sekunde. Kwa mazungumzo ni kidogo, kwa wimbo ni balaa. Wakarekodi video mapema badala yake.

Bowie ndiye pia aliyefanya jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya siku ile: aliukata wimbo wake mmoja ili muda wake utumike kuonyesha picha za watoto wa Ethiopia, zilizopangwa na watangazaji wa Kanada juu ya wimbo *Drive* wa The Cars. Uwanja mzima ukanyamaza. Baada ya hapo simu za michango zilizidi kuita.

## Yanayobishaniwa

Geldof aliwatukana watazamaji watoe fedha zao?

Alitoa tusi, lakini si lile linalonukuliwa. Alikuwa studioni na watangazaji wa BBC, mtangazaji akaanza kusoma anwani ya posta ya kutuma michango. Geldof akamkatisha kwa neno chafu: waachane na anwani, watoe namba za simu, maana watu wanakufa sasa hivi. Sentensi maarufu anayowekewa kinywani, ya kuwaambia watu kwa tusi watoe fedha zao, hakuisema hivyo.

Filamu ya 2018 kuhusu Freddie inasema kweli?

Kwa onyesho lenyewe, wamejitahidi sana, hadi vikombe vya juu ya piano. Kwa yaliyotangulia, hapana. Queen hawakuwa wamevunjika. Januari 1985 walipiga Rock in Rio huko Brazil, na Mei walikuwa Japani. Wala Freddie hakuwaambia wenzake kabla ya Live Aid kwamba ana virusi vya UKIMWI. Masimulizi ya waliokuwa karibu naye yanaweka kipimo hicho mwaka 1987. Alifariki Novemba 24, 1991.

Filamu pia imeruka jambo zito. Oktoba 1984 Queen walipiga Sun City, Afrika Kusini, wakati wa ubaguzi wa rangi, wakivunja mgomo wa kiutamaduni wa kutopiga huko. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwapiga faini, na Umoja wa Mataifa ukawaweka kwenye orodha ya waliokiuka. Nampenda Freddie, lakini hilo siwezi kulipitia juujuu: walipopanda Wembley, doa hilo lilikuwa bado bichi.

Fedha ziliwafikia wenye njaa?

Nyingi zilifika, kwa njia ya chakula, dawa, malori na visima. Jumla inayotajwa ni zaidi ya dola milioni 100. Lakini njaa ile haikuletwa na ukame peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani Tigray na Eritrea, na ilikuwa ikiwahamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini. Wengi walikufa njiani. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lililalamika hadharani, likafukuzwa nchini Desemba 1985. Msaada wowote ulioingia ulipita katikati ya hayo.

Kuhusu silaha: Machi 2010 BBC ilitangaza ripoti kwamba misaada iliyopita mikononi mwa waasi wa Tigray ilinunulia silaha. Band Aid ikalalamika, na Novemba mwaka huohuo BBC iliomba radhi kwa kuwafanya watu waamini kwamba fedha za Band Aid ndizo zilizotumika hivyo. Anayekuletea nusu ya kwanza ya habari hii, mpe na ya pili.

Mbona wanamuziki wa Afrika hawakuwepo?

Hili ndilo swali linaloniuma. Mbali na Freddie, Wembley ilikuwa na Sade, aliyezaliwa Ibadan, Nigeria, na kukulia Uingereza. Zaidi ya hapo Afrika ilikuwa kwenye skrini, si kwenye kipaza sauti. Waandaaji walijitetea kwamba walitaka majina yanayojaza masanduku ya michango. Hoja ninaielewa, ila matokeo yake ni kwamba watazamaji wengi walituona tukifa tu, hawakutusikia tukiimba.

Kosa lilijirudia miaka ishirini baadaye. Katika tamasha la Live 8, Julai 2, 2005, ilibidi Peter Gabriel aandae jukwaa la pembeni huko Cornwall ili Waafrika wapate pa kupiga. Walikuwepo Youssou N'Dour wa Senegal, Geoffrey Oryema wa Uganda na Ayub Ogada wa Kenya na nyatiti yake.

## Julai 13 nyingine

Kuna mengine ya roki yaliyotokea tarehe hii?

Yapo. Roger McGuinn wa The Byrds alizaliwa Julai 13, 1942, Chicago. Albamu ya kwanza kabisa ya Queen ilitoka Uingereza Julai 13, 1973, miaka kumi na miwili kamili kabla ya Wembley. Na siku yenyewe ya Live Aid wimbo *A View to a Kill* wa Duran Duran ulikuwa namba moja Marekani. Wakaupiga Philadelphia, na sauti ya Simon Le Bon ikapasuka kwenye noti ya juu mbele ya dunia nzima.

Je, ni Siku ya Roki Duniani?

Huitwa hivyo, ila inaadhimishwa hasa Brazil. Inasemekana Phil Collins ndiye aliyetamka kwamba siku ile ingefaa kuwa siku ya roki, na redio za Brazil zikalishika neno.

Viwanja vile bado vipo?

Hapana. Wa Philadelphia ulibomolewa mwaka 1992, Wembley ya zamani mwaka 2003. Wembley ya sasa ilifunguliwa 2007 palepale.

Nina saa moja tu. Nitazame nini, kwa mpangilio gani?

Anza na taarifa ya Korem ya Oktoba 1984, dakika chache tu, na usifanye kazi nyingine ukiitazama. Kisha Bowie na zile picha za watoto. Kisha *Bad* ya U2. Queen waweke mwisho, na sauti uifungulie.